Ada Imeondoka, Tulinde Siku za Shule
Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilifuta ada katika shule za umma kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Mwaka 2022 ikafuta na ya kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo, katika vijiji vya wakulima kama Munanila, msimu wa palizi ukifika kijana huitwa shambani. Mzazi atasema bila jembe hakuna chakula, na ni kweli. Lakini hesabu hujengwa hatua kwa hatua: anayekosa somo la Jumatatu haelewi la Jumanne, akishindwa huona haya, mwishowe huacha shule kabisa. Palizi ina jioni na Jumamosi. Kipindi kilichopita hakirudi. Ndugu wazazi, siku za shule tuzilinde kama tunavyolinda mbegu.