Kompyuta Inayokesha

Saa tano usiku, nyumba nyingi za Dar es Salaam zimeshatulia. Televisheni imezimwa, taa ya sebuleni imezimwa, watoto wamelala. Kwenye kona, chini ya meza, kompyuta bado inavuma. Samaki wa rangi wanaogelea kwenye skrini kutoka pembe hii hadi ile, na feni inapuliza hewa ya moto kwenye kiti kisicho na mtu. Aliyekuwa akiitumia ameshakwenda kulala, na ataigusa tena kesho jioni.

Mashine hiyo inakula umeme kiasi gani? Jibu liko ukutani, kwenye mita ya LUKU. Mita hizi zina kitaa chekundu kinachometameta, na karibu nacho kuna maandishi madogo ambayo wengi hawajawahi kuyasoma. Kama yanasema 1000 imp/kWh, maana yake kitaa kikiwaka na kuzimika mara 1,000, uniti moja imekwisha. Msikilizaji anayetaka kujua ukweli wa nyumbani kwake azime kila kitu, friji ikiwemo, aache kompyuta peke yake, kisha asimame mbele ya mita na saa mkononi. Kompyuta ya mezani ya kawaida pamoja na skrini yake, ikiwa imewashwa bila kazi yoyote, hutumia takribani wati 90. Kwa kiwango hicho kitaa kitamweka kila baada ya sekunde 40. Usiku kucha, mchana kutwa, kila sekunde 40, kinamweka tena.

Sekunde 40 zinaonekana nyingi, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ichukuliwe familia inayoitumia kompyuta kwa saa 8 kwa siku na kuiacha ikiwaka saa 16 zilizobaki. Wati 90 kwa saa 16 ni uniti 1.44 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 43.

Kwa mteja mdogo wa majumbani nchini Tanzania, uniti hizo 43 ni jambo zito kuliko zinavyosikika. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja wa daraja la D1 alilipa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka zifike 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 haikuuzwa shilingi 100 tena, iliuzwa 350. Nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi, yaani taa, friji ndogo, televisheni, kuchaji simu na zile saa 8 za kompyuta, kwa bei hizo ingelipa shilingi 6,000 kabla ya VAT na tozo nyingine. Ikiongezewa zile 43 za kompyuta inayokesha, inafika 103. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500, na 28 zinazozidi ni shilingi 9,800. Jumla ni 17,300. Bili imekaribia kuwa mara tatu, na hakuna mtu yeyote ndani ya nyumba aliyepata chochote cha ziada. Mama wa nyumba anashangaa tokeni aliyoinunua wiki iliyopita imekwenda wapi, analaumu friji, analaumu pasi, anamwambia mtoto azime taa ya chooni. Taa ya chooni ya LED ina wati 7.

Wanaoacha kompyuta ikiwaka wana hoja zao, na si watu wajinga. Hoja kongwe ni kwamba kuizima na kuiwasha huichosha. Iliwahi kuwa kweli. ENIAC, kompyuta kubwa iliyojengwa Philadelphia na kukamilika mwaka 1945, ilikuwa na vali zipatazo 18,000, zile za kioo zilizokuwa pia ndani ya redio za mbao za zamani, redio ambazo babu alizisubiri zipate moto kwanza ndipo zitoe sauti. Vali hizo ziliungua zaidi wakati wa kupata moto na wakati wa kupoa. Kwa hiyo ENIAC iliachwa ikiwaka, mfululizo kwa miaka minane, tangu Julai 1947 hadi ilipozimwa moja kwa moja Oktoba 1955. Kwa mashine ile, mafundi walikuwa sahihi kabisa. Lakini kompyuta ya leo haina vali hata moja. Hata diski zenye sahani zinazozunguka hutengenezwa zihimili kuwashwa na kuzimwa makumi ya maelfu ya mara. Anayeizima mara tatu kwa siku atahitaji zaidi ya miaka 18 kufikisha mara 20,000.

Hoja ya pili ni kwamba kuwasha kunakula umeme mwingi kuliko kuacha. Hii inapimika kwa kalamu. Hata kama mashine inavuta wati 150 kwa dakika nzima ya kuamka, umeme huo unalingana na kuiacha ikikaa bure kwa dakika moja na sekunde 40. Anayekwenda kula chakula cha jioni ameshaupita muda huo kabla hajanawa mikono.

Na wale samaki? Picha za kutembea kwenye skrini zilibuniwa enzi za vioo vizito vya zamani, ambavyo picha ikiganda muda mrefu iliacha alama ya kudumu. Zilikuwa za kulinda kioo, hazikuwahi kuwa za kuokoa umeme. Skrini inayoonyesha samaki inawaka kama inayoonyesha barua.

Hoja ya tatu ina uzito wake, na inafahamika vizuri kwa vijana: bando la usiku. Intaneti ya baada ya saa sita usiku ni nafuu, na mwanafunzi anayeshusha mihadhara yake hawezi kuambiwa alale. Basi kompyuta ifanye kazi kwa saa tano, itatumia takribani uniti 0.45, kisha ipangwe ijilaze yenyewe ikimaliza. Shida si kompyuta inayofanya kazi usiku. Shida ni ile inayomaliza saa kumi na moja alfajiri na kuendelea kuwaka mpaka jioni.

Kujilaza huko ndiko silaha ambayo watu hawaitumii. Kompyuta ikiwekwa usingizini hubakiza uhai kwenye kumbukumbu yake tu na kutumia wati chache. Zikiwa 3, saa 16 kila siku kwa mwezi mzima zinatoa uniti 1.44. Msikilizaji atakumbuka namba hiyo: ndiyo iliyoliwa kwa siku moja na kompyuta ileile ilipoachwa macho. Mwezi mmoja wa usingizi kwa bei ya siku moja ya kukesha. Mpangilio wenyewe unakaa kwenye sehemu ya umeme ndani ya mipangilio ya kompyuta, unachaguliwa mara moja: ijilaze ikikaa dakika 15 bila kuguswa.

Hata hivyo, usiku kuzima kabisa ni bora, na sababu ni ya hapa kwetu. Umeme hukatika. Ukikatika kompyuta ikiwa macho au usingizini, kazi ambayo haikuhifadhiwa imekwenda. UPS, yaani betri ya akiba, hununua dakika chache tu, na dakika hizo hazina maana kama hakuna mtu wa kuokoa kazi. Umeme unaporudi ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwa sababu wakati mwingine unarudi kwa kishindo, na kifaa kilichochomekwa ndicho kinachopokea pigo. Hata kompyuta iliyozimwa kwa kitufe bado imeungana na waya: tangu mfumo wa ATX uingie mwaka 1995, kitufe cha mbele hakikati umeme, kinatoa amri tu, na ndiyo maana kitaa cha kebo ya mtandao huonekana kikiwaka nyuma ya mashine iliyozimwa. Swichi ya soketi ukutani ndiyo inayokata kweli, na soketi zetu, tofauti na za nchi nyingi za Ulaya, huwa nayo.

Kuna pia joto. Wati 90 zinazoingia kwenye kompyuta hutoka zote kama joto, karibu sawa na joto la mwili wa mtu mzima aliyekaa. Usiku wa Februari, chumba cha Temeke au Kinondoni chenye kompyuta inayowaka kimeongezewa mtu mmoja zaidi, na feni ya dari inalipiwa ili kumpunga.

Kompyuta mpakato hupunguza hesabu hizi sana, maana zikikaa bure hutumia kama wati 10. Lakini kompyuta za mezani hazijaondoka. Zimejaa kwenye maduka ya steshenari, ambako zinachapa barua za kazi na fomu za vyuo. Duka lenye kompyuta 6 linalofungwa kwa saa 10 usiku huku mashine zikiwaka linapoteza uniti 5.4 kila usiku. Kwa bei ya mwaka 2016 ya daraja la T1, shilingi 292 kwa uniti, hiyo kwa mwezi ni shilingi 47,304 kabla ya kodi, fedha iliyolipwa wakati mlango umefungwa kwa kufuli na swichi ya ekstensheni iko hatua mbili kutoka mlangoni.