CHUNUSI, DAWA ZAKE NA MADHARA YA DAWA HIZO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu)



Nimeombwa niseme juu ya ngozi. Huenda wakubwa wenzangu mtaliona jambo hili kuwa dogo. Kijana anayeinamisha uso darasani asiulizwe swali halioni dogo hata kidogo. Naye ndiye anayenunua chochote atakachouziwa.

Tuanze na asili yake. Mtu anapobalehe, homoni huziamsha tezi za mafuta ndani ya ngozi. Mafuta yakizidi huchanganyika na seli zilizokufa, kitundu cha nywele huziba, bakteria huzaliana humo, na mahali hapo huvimba. Basi chunusi si uchafu wala si alama ya tabia mbaya, kama inavyosemwa mabwenini. Tena haiambukizi. Upele ndio unaoambukiza, na hautoki bwenini mpaka wote watibiwe siku moja.

Kusugua uso kwa dodoki hakuponyi, huchubua tu. Osha mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, wala usiminye: katika ngozi yetu nyeusi kipele kilichominywa huweza kuacha doa la miezi mingi, au kovu la maisha.

Dawa zipo, na kila moja ina adha yake. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 hukausha ngozi na kuiwasha. Anza kwa kiasi kidogo, usiku mmoja paka, usiku mmoja acha. Jihadhari pia, hupausha foronya na shati la shule. Adapalini hubambua ngozi majuma ya mwanzo. Dawa hizi zahitaji majuma 6 mpaka 12 kuonyesha kazi. Wengi huzitupa juma la pili wakidhani zimeshindwa.

Vidonge vya doksisaiklini ni vya kuandikiwa na daktari. Meza kwa glasi nzima ya maji, wala usilale papo hapo, maana huweza kuunguza njia ya chakula. Na ukivitumia, jua hukuunguza upesi. Isotretinoini ni ya chunusi sugu, chini ya daktari na vipimo vya damu. Hukausha midomo, na mjamzito akiimeza huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kwa hiyo dawa uliyoandikiwa wewe usimgawie dada yako.

Sasa nafika kwenye hatari yenyewe: krimu za steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli, zinazouzwa kwa jina la kung'arisha uso. Siku za kwanza uso hulainika, na mwenyewe hufurahi. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, chunusi mpya hufumuka. Akiacha ghafla uso huwaka moto, naye hurudia tyubu ile ile. Ukiipaka juu ya choa, muwasho hupoa huku kuvu wakienea chini kwa chini. Nyingine huwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekea vipodozi vya aina hiyo marufuku.

Wanafunzi, msipeane tyubu. Someni yaliyoandikwa kwenye boksi, na krimu isiyotaja vilivyomo iacheni dukani. Chunusi zikiwa na uvimbe mkubwa au makovu, nendeni hospitali mapema. Tangu mwaka 1992 kipo Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi nyingi za Afrika. Utaalamu huo msiuache mkaenda kumwuliza mchuuzi.

Nasi wakubwa tuache kuwataja vijana kwa vipele vyao. Kejeli zetu ndizo zinazowapeleka gizani kutafuta dawa ya siku tatu.