Kutafuta Samoni na Trauti Majira Yakigeuka



Nimetakiwa niseme habari za uvuvi wa Ziwa Michigan, huko Marekani. Mwezi wa Machi 2012 joto lilikuja mapema kupita desturi. Na katika mwaka kama huo mvuvi ashikaye kalenda aweza kurudi na mashua tupu. Samoni, waliotiwa humo mwaka 1966, na trauti, wenyeji wa tangu kale, hawafuati tarehe, hufuata baridi. Basi teremsheni kipimajoto kwa kamba: samoni mtafuteni penye digrii 12 hivi za Selsiasi, trauti chini zaidi, penye 10 au pungufu. Upepo wa bara ukivuma siku mbili tatu, maji ya moto husukumwa mbali, na ya baridi hupanda karibu na ufuko (wasiojua huiita bahati). Hapo samoni husogea, hata mwenye chombo kidogo huwafikia.