Chavua, Upepo na Ngurumo za Novemba

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi wazungumzao Kiswahili wa kata za magharibi mwa Melbourne, kabla ya kuanza kwa msimu wa nyasi



Tarehe 21 Novemba 2016, siku ya Jumatatu, joto la Melbourne lilifika nyuzi 35, na upepo mkavu ukavuma kutoka kaskazini. Jioni ilipowadia, dhoruba ya ngurumo ililivuka jiji, ikitanguliwa na upepo wa baridi uliowavuta watu wengi nje wakapunge hewa. Usiku haujaingia sawasawa, hospitali zilikuwa zimejaa. Katika muda wa saa 30 hivi, wagonjwa wa kifua waliofika katika hospitali za umma walizidi idadi ya kawaida kwa zaidi ya 3,000, na watu 10 wakafariki dunia. Wengi wa waliougua hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wana pumu. Walichokijua ni mafua ya kila mwaka: chafya, macho yanayowasha, pua inayotiririka.

Mafua hayo kwa Kiingereza huitwa kwa jina lenye neno homa, na jina hilo limewapotosha wengi, kwa kuwa si homa hata kidogo. Ni mzio. Mwili hukutana na chavua, yaani unga wa maua ya kiume, ukaudhania kuwa adui. Jijini Melbourne mkosaji mkuu ni nyasi za malisho aina ya rai, zilizoletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya mifugo, nazo hutoa maua kuanzia Oktoba hadi Desemba. Miwati, inayojulikana vyema na waliotoka Njombe au nyanda za juu za Kenya, hulaumiwa bure. Maua yake ya manjano huonekana na kila mtu, lakini chavua yake ni nzito, haisafiri mbali. Nyasi hazina ua la kutazamwa, na ndizo zinazoitegemea hewa.

Chembe moja ya chavua ya nyasi ni kubwa kiasi, hivyo aghalabu huishia puani. Dhoruba ndiyo hubadili mambo. Upepo unaopanda huzinyanyua chembe hadi mawinguni. Huko hunywa unyevu, zikapasuka na kutoa vipande vidogo mno. Kisha hewa baridi inayoshuka kutoka katika wingu huvirudisha chini na kuvisambaza mbele ya mvua. Vipande hivyo havizuiliki puani, bali huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa hiyo saa ya hatari hutangulia mvua yenyewe: ni pale upepo wa baridi unapoanza kupuliza baada ya kutwa ya joto.

Hapo ndipo desturi njema ya nyumbani inapogeuka mtego. Kwa mtu aliyekulia Uvira, Kigoma au Mombasa, ubaridi unaotangulia mvua ni wakati wa kutoa viti barazani, na watoto huachwa wacheze. Kaskazi ya pwani ya Afrika Mashariki hupitia baharini. Upepo wa kaskazini wa Melbourne hupitia mashamba na malisho, ukazoa kila kilicho juu yake. Upepo wa kusini, utokao baharini, huwa na chavua kidogo. Mkazi akijua upepo unatoka wapi, amekwisha kujua nusu ya utabiri.

Nusu nyingine hupatikana kwa kuhesabu. Chombo cha kunasia chavua huwekwa juu ya paa, kikavuta lita 10 za hewa kila dakika, karibu sawa na pumzi ya mtu aliyetulia, na chembe hunata kwenye utepe wenye mafuta. Mtaalamu huzitazama kwa hadubini na kuzihesabu moja moja. Chembe za nyasi zikiwa chini ya 20 katika mita moja ya ujazo ya hewa, kiwango ni cha chini. 20 hadi 49 ni cha wastani. 50 hadi 99 ni cha juu. 100 na kuendelea ni cha kupindukia. Siku ile ya mwaka 2016 hesabu ilipita 100.

Hata hivyo, chavua nyingi bila dhoruba huleta chafya tu kwa walio wengi, na dhoruba bila chavua huleta mvua. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2017 serikali ya jimbo la Victoria na Idara ya Hali ya Hewa ya Australia hutoa katika msimu wa nyasi utabiri wa hatari ya pumu ya ngurumo, wa siku tatu mbele, unaounganisha mambo yote mawili. Kijani ni hatari ndogo, rangi ya chungwa ni ya wastani, nyekundu ni kubwa. Hutangazwa pia katika programu ya simu ya VicEmergency.

Jambo moja linastahili kurudiwa kwa familia zilizohamia karibuni. Kutougua mwaka wa kwanza si kinga. Mzio wa nyasi hizi huweza kuchukua misimu kadhaa kujitokeza, kwa hiyo mzee aliyepita salama miaka mitatu anaweza kuanza kupiga chafya mwaka wa nne, na chafya hizo ni sababu tosha ya kumwona daktari wa familia kabla ya Oktoba. Mwenye pumu aliyeandikiwa dawa ya kinga huitumia kila siku, hata anapojisikia mzima. Ile dhana kwamba pampu humzoesha mtu akashindwa kuiacha haina msingi, na imewafanya wazazi wengine kuificha kabatini.

Siku ya rangi ya chungwa au nyekundu, mwenye mzio au pumu huingia ndani kabla ya dhoruba, akafunga milango na madirisha, na kuzima kipoza hewa kinachovuta hewa ya nje. Pampu ya bluu ya kufungua kifua hupatikana katika duka la dawa bila cheti cha daktari. Mtu akibanwa, akalishwe wima, apewe mipulizo 4, mmoja mmoja, kupitia chombo cha plastiki cha kupitishia dawa, akivuta pumzi 4 kwa kila mpulizo. Kisha zisubiriwe dakika 4. Asipopata nafuu, arudiwe vivyo hivyo, na akiendelea kubanwa ipigwe simu 000 mara moja. Anayeshindwa kuzungumza kwa kukosa pumzi asisubiriwe hata dakika moja.

Wasiojiweza kwa Kiingereza hawana haja ya kumtanguliza mtoto kwa daktari awe mkalimani. Huduma ya taifa ya ukalimani hupatikana kwa namba 131 450, usiku na mchana. Mpigaji hutaja neno moja tu, "Swahili", kisha husubiri.