Waya au Kamba ya Winchi?

Masika yaloweshapo barabara za Ufipa, hasa miteremko ya Lyamba lya Mfipa kuelekea Bonde la Rukwa, winchi huwa mkombozi wa gari lililokwama. Waya wa chuma huvumilia mawe na jua. Lakini hushika kutu, nyuzi zake hukata mikono, na ukikatika huchapa kama mjeledi, hata kuua. Kamba ya nyuzi za plastiki ni nyepesi na hairuki kwa nguvu kiasi hicho. Bali huliwa na mawe makali, jua na mchanga.

Kwa usalama wa watu, tunapendekeza kamba, mradi ioshwe matope na kufunikwa. Hakikisheni uzito inaohimili umeandikwa na unazidi nguvu ya winchi. Daini risiti. Wakati wa kuvuta, watazamaji wakae mbali.