Jina linaonekana, lakini halijaingia

Bapapa, bamama wa chama, na ninyi marafiki mnaotusaidia,

Mumetuuliza: inawezekanaje jina liandikwe mbele ya mtu, kisha siku ya kugawa mbegu liste iseme haiko?

Ordinatere ya ofisi ni ya zamani, skrini yake ni maandishi tu. Programu imetengenezwa kwa ncurses. Kila nafasi ya kujaza (jina, kijiji, watu wa nyumba) iko na mfuko wake nyuma ya skrini. Mwandishi akipiga herufi, zinaonekana, ila haziingii mfukoni mpaka atoke kwenye nafasi ile, ao programu itoe amri ya kukagua, REQ_VALIDATION. Programu ikisoma mbele ya hapo, inakuta mfuko mtupu. Njo vile mama wa watoto sita anarudi nyumbani mikono mitupu.

Tena, mfuko wa herufi 20 unarudisha 20 kila mara. MARIA ni 5. Nyuma yake kunakuja nafasi wazi 15. Bila kukata mkia huo, mashini inahesabu Maria wawili.

Kuweka ni rahisi: set_field_buffer inajaza «Kalemie» kwenye teritware yenyewe. Sisi hatuipendi. Mtu wa Nyunzu ao Manono akifika jioni, mwandishi amechoka, anapita tu. Tumeomba fundi aiache wazi.

Kuanzia liste ijayo, kila mtu atasomewa kilichohifadhiwa, si kilicho kwenye skrini, mbele hajaondoka mezani.