Kisu cha Daktari na Hofu Zetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya tarawehe, Mtongwe)



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu, na twawaombea shifaa walioupokea wakiwa vitandani. Leo sitazungumzia hukumu za funga. Hizo mwazipata kwa masheikh wanaozijua kunishinda. Nataka tuzungumze juu ya kuogopa opresheni.

Wengi wenu mushamuona Mr. Bean alipokwenda kwa daktari wa meno. Kipindi kile kilitoka Uingereza mwaka 1992, na huku kwetu kilizunguka kwa kanda na CD mpaka watoto wakakijua kwa moyo. Bwana yule akikaa kwenye kiti hatulii, agusa hiki, ashika kile, mwisho sindano ya ganzi yamdunga daktari mguuni na daktari mwenyewe aanguka. Sasa Bean achukua mashine aanza kujitoboa na kujiziba meno kwa mkono wake. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Nami nadhani tulicheka hivyo kwa sababu kila mtu aliyewahi kukaa kiti kile alitamani sindano impate daktari badala yake.

Lakini majumbani mwetu wako kina Mr. Bean wasiochekesha. Mtu ana ngiri mwaka wa pili, kazi yake ni kuifunga kwa shuka na kuirudisha ndani kwa kidole. Siku utumbo utakaponasa pale nje na damu isipite, si jambo la kungoja mpaka asubuhi. Ni saa chache tu, na mwajua wenyewe kutoka huku mpaka mjini kuna kuvuka. Opresheni ambayo angeifanya kwa utulivu, siku aliyoichagua mwenyewe, sasa aifanya usiku huku watu wakikimbizana.

Wala simcheki mwenye hofu. Sisi watu wa Mtongwe hofu twaijua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyokuwa ikitoka hapa kwetu kwenda mjini ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita kiasi, wakafa watu 272. Kuna nyumba hapa hazikupona msiba ule hadi leo. Je, tuliacha kuvuka? Hatukuacha, kwa sababu kazi iko ng'ambo, skuli ziko ng'ambo, hospitali kubwa ya Makadara iko ng'ambo. Ila mzee aliyeyaona ya mwaka ule, akifika kwenye feri, hutazama kwanza imejaa kiasi gani. Akiona si salama hungoja ya pili. Yeye aogopa na bado avuka, na hofu yake imemfundisha la kuuliza.

Hivyo ndivyo ningependa tuwafanyie wagonjwa wetu: tuwaulize waogopa nini hasa. Huku kwetu kuna nyanya mmoja, jina nalihifadhi, aliyeingiwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Msahafu alikuwa hauoni tena, akisoma zile sura alizozihifadhi utotoni. Wanawe wakamwambia, "Mama, twende ukapasuliwe." Akasema tumalize Ramadhani kwanza. Ramadhani ikaisha, akasema mfungo mosi kuna harusi. Mfungo tatu ni Idi ya kuchinja, mfungo sita ni Maulidi, na hivyo mwaka ukapinduka. Wanawe walimhubiria sana. Mmoja alimletea hata habari za kina Ammar bin Ali wa Mosul, tabibu aliyeishi Misri miaka elfu moja iliyopita na kuufyonza utando wa jicho kwa sindano yenye tundu. Mwengine akamweleza kwamba siku hizi ile lenzi ya jicho iliyoingia ukungu hutolewa na kutiwa ya plastiki, jambo lililoanza London mwaka 1949 kwa daktari Harold Ridley, na kwamba mara nyingi mgonjwa huwa macho, jicho tu ndilo hutiwa ganzi. Maneno yote mazuri, na nyanya hakuondoka kitini.

Aliyemtoa ni muuguzi mmoja, mwanamke, aliyekaa naye akamuuliza polepole, "Bi mkubwa, waogopa nini?" Akasema kisu hakiogopi, mauti ni ya Mungu. Aogopa kwamba hataweza kusujudu, na kwamba maji ya udhu hayatafika usoni, sala zake ziharibike. Tena aogopa kulala mbele ya wanaume akiwa kichwa wazi. Mambo matatu, na yote yana majibu! Mgonjwa aliyekatazwa kuinama asali kwa kukaa na kuashiria. Penye bandeji apitishe mkono wenye maji juu yake. Na mtandio aliambiwa atafunikwa kichwa chote, libaki jicho tu. Jicho la kwanza alifanyiwa kabla mwezi haujaisha.

Wako watakaosema muumini wa kweli haogopi, watutajie Urwa bin Zubeir, tabiina aliyekatwa mguu na, kama ilivyopokewa, akakataa kinywaji cha kumpoteza akili. Sawa. Lakini tusisahau kwamba Urwa alikubali kukatwa. Hakusema nimetawakali, uacheni mguu uoze. Na Mtume wetu (s.a.w.) alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa na kumchoma. Kwa hiyo mwenye kuuliza kuhusu nusu kaputi asionekane imani yake imepungua.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa tuko mwezi wa kufunga. Hospitali wakikwambia usile kabla ya nusu kaputi, nayo ina sababu yake. Ukilala ule usingizi koo halijilindi, na chakula kilicho tumboni chaweza kupanda kikaingia mapafuni. Ndiyo maana kawaida chakula ni saa sita kabla, na maji matupu mpaka saa mbili kabla, ingawa kila mtu afuate alivyoambiwa na wake. Mzee wenu akiwa alfajiri ile alikunywa chai na mahamri mawili, asimwambie daktari "sijala" kwa kuona haya. Mwambieni ukweli, ataahirisha kidogo tu. Na orodha ya dawa anazotumia, pamoja na zile za kienyeji, andikeni kwenye karatasi muende nayo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum.